Vichwa Vyote Vimetazama Juu

Kilima cha kwenda kituo cha polisi hakikuwa na huruma na mtu. Inspekta alikuwa amekipanda tangu enzi za ukonstebo wake, lakini asubuhi hiyo goti la kushoto lilimlalamikia kila hatua, na alipofika karibu na geti alisimama kando ya barabara akijifanya anatafuta kitu mkobani. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta pumzi.

Hapo ndipo alipopitwa na baiskeli. Aliyeiendesha alikuwa kijana wa makamo, amenyooka mgongo kama yuko kwenye kiti cha sebuleni, shati kavu, nyuma yake amefunga godoro zima lililoviringishwa, na mifuko miwili mikubwa ya turubai ikining'inia huku na huku ya gurudumu la nyuma.

"Shikamoo, afande," alisema bila hata kukata mluzi wake vizuri.

"Marahaba," Inspekta alijibu, na kwa kweli alimwonea wivu.

Alimfahamu. Alikuwa mpwa wa Mzee Godoro, tajiri ambaye ghala lake la magodoro lilikuwa limeungua wiki hiyo mpaka zikabaki kuta. Mpwa ndiye aliyekuwa akimsambazia mjomba wake mali kwa baiskeli, na leo alikuwa amekuja kutia saini maelezo yake ya ushahidi.

Ndani ya geti kulikuwa na kioja. Pembeni mwa uzio, juani, zilipangwa betri za baiskeli zaidi ya kumi, kila moja imevalishwa plastiki ya buluu na ukubwa wake kama mkate wa boflo. Watu walikuwa wamepanga foleni kuzisalimisha. Mama mmoja aliishika ya kwake kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali, utadhani amebeba nyoka.

"Wote ni wateja wa Mama Chaji," alieleza Koplo, kijana mnene aliyekuwa na redio ndogo mfukoni saa zote, akisikiliza mpira hata kwenye gwaride. "Wanasema hawataki kuunguzwa usingizini. Na gari la mahabusu linaondoka saa saba, afande. Saa nane anasomewa mashtaka. Mwendesha mashtaka ameshasema atapinga dhamana."

"Najua."

"Duka lake wameshalipigia misumari."

"Hilo nalo najua, Koplo. Mlete."

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na hicho ndicho kilichomkera Inspekta. Mama Chaji, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa fundi wa betri za baiskeli za umeme. Alinunua kompyuta za mkononi zilizokufa, akazipasua, akatoa zile seli za ndani, vidude vya chuma vya duara vinavyofanana na betri za tochi, akazipima moja baada ya nyingine. Mbovu alizitupa kwenye ndoo nyuma ya duka. Nzima aliziunganisha kwa utepe wa nikeli mpaka zikawa betri moja kubwa yenye nguvu za kusukuma baiskeli na mwenye baiskeli. Kwenye majivu ya ghala walikuta mifupa ya baiskeli na kando yake bonge la seli nyeusi zilizogandamana. Mzee Godoro akasema betri ya Mama Chaji imelipuka. Mpwa akasema ni kweli, aliiacha kwenye chaji akaenda kulala. Nani tena wa kuulizwa?

Fundi aliletwa akiwa amevaa gauni la kazi lenye mifuko mingi, mifuko yote mitupu kwa sababu walimnyang'anya bisibisi zake. Hakukaa.

"Kabla hujaniuliza chochote, afande, zile betri pale uzioni zitoeni juani. Betri haianikwi kama mchele."

"Mama, wewe unakwenda kushtakiwa."

"Ndiyo, nami nashukuru kukumbushwa. Lakini jua linazidi."

Inspekta alimtazama Koplo, Koplo akatoka kuzihamishia kivulini. Juu ya meza lile bonge la majivuni lilikuwa ndani ya mfuko wa vielelezo uliofungwa kwa lakiri, limefunikwa masizi na plastiki iliyoyeyuka mpaka huoni pa kuanzia.

"Unaitambua?"

"Siyo yangu."

"Kila anayekaa hapo husema siyo yake."

"Hata wasio na hatia nao waseme nini kingine?" Fundi aliinama kuitazama kupitia nailoni, mikono nyuma kama alivyoamriwa. "Sioni kitu. Ni makaa tu. Ila naijua niliyomtengenezea yule kijana. Nilimwambia hii hailali kwenye chaji bila mtu, na mwenyewe akawa anaibeba kila jioni anakwenda nayo nyumbani. Aliipenda. Alikuwa anaipangusa vumbi kwa leso yake."

"Alama yoyote ya kwako?"

"Ipo. Mume wangu marehemu alikuwa tarishi wa posta. Aliacha koti la mvua, la mpira, la njano. Kila betri ninayomaliza, kabla ya kuivisha plastiki ya buluu, naizungushia kipande cha koti lile ili maji yasiingie. Limebaki mkono mmoja tu."

"Basi kwenye hii lingekuwepo."

"Hapana, afande. Moto ule haukuacha hata kifungo. Ukikosa koti humo siyo dalili ya kitu. Sitaki uniokoe kwa jambo lisilo kweli."

Inspekta alikuwa amehoji watu wa kila aina, na hakukumbuka mtu aliyerushiwa kamba akairudisha. Alijisikia vibaya, tena vibaya kwelikweli, kwa sababu alianza kumwamini na hakuwa na chochote cha kumshikia mkono.

"Una adui?"

"Nina wateja," alisema Mama Chaji. "Na nilikuwa na mwanafunzi mmoja, lakini huyo ana mdomo tu."

Koplo, aliyekuwa amerudi anahema, alidakia. "Yule kinyozi, afande. Waligombana akaacha kazi. Alitangaza mbele za watu kwamba ipo siku betri zitamtokea puani huyu mama."

Inspekta alisimama, goti likalia. "Mwambie Mpwa asubiri kwenye benchi mpaka nirudi. Asitie saini chochote."

Kinyozi alikuwa chini ya kilima, kwenye kibanda chenye kioo kimoja na viti viwili. Alikuwa ameshika mashine, ananyoa kichwa cha mzee aliyesinzia. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu alfajiri, maduka yote jirani yamekaa kimya, lakini mashine ya kinyozi ilinguruma kama kawaida. Inspekta alifuata waya kwa macho mpaka chini ya kaunta, akakuta betri ya buluu.

"Umeipata wapi?"

"Nimeitengeneza mwenyewe."

"Kwa hiyo bado unaijua kazi."

"Kujua na kupenda ni vitu viwili." Kinyozi alipuliza nywele kwenye mashine. "Najua kilichokuleta, afande. Niliropoka. Alinikaripia mbele ya mteja kwa sababu nilikuwa na haraka, nami hasira zikanipanda. Lakini ghala sijachoma. Usiku ule nilikuwa kwenye harusi ya dada yangu, ndiye aliyenikabidhi ndugu wa mumewe wote niwanyoe. Waulize, wana vipara mpaka leo."

"Nitawauliza. Na hii naondoka nayo."

"Afande, na kichwa hiki?"

Mzee aliamka, akajipapasa, akakuta nusu iko tayari na nusu bado. Alisema neno ambalo halifai kuandikwa. Inspekta aliiweka betri mkobani, akaanza kupanda kilima akiona kama anasogelea jibu, na kwa kila hatua lile jibu likawa linamkimbia. Koplo alipiga simu kwa maharusi. Wote walithibitisha. Kulikuwa na picha za kinyozi akicheza muziki wakati ghala linawaka, tena amecheza vibaya.

Saa saba gari la mahabusu liliondoka. Mama Chaji alipanda nyuma bila kumtazama mtu, ila aligeuza kichwa kuhakikisha zile betri ziko kivulini. Inspekta alibaki ofisini na mabonge mawili mezani, moja la buluu na moja jeusi, na hasira zake mwenyewe.

Alivaa glovu, akakata lakiri, akasaini pembeni kwamba amekata, akaanza kulisafisha lile jeusi kwa brashi na kisu kidogo, taratibu, plastiki ikitoka kwa magamba. Seli zilianza kuonekana, zimesimama bega kwa bega, zimeshikwa juu na chini kwa utepe. Hakuona cha ajabu. Kwenye kiti cha pembeni Koplo alikuwa anabadilisha betri za redio yake. Alizisukuma ndani, akafunga kifuniko, akawasha. Kimya. Akaipiga kofi, bado kimya.

"Nimeuziwa mbovu," alinung'unika. "Na kipindi cha pili kinaanza."

"Geuza moja," Inspekta alisema bila kuinua macho. "Umeweka vichwa vyote upande mmoja. Moja iende huku, nyingine huku."

Koplo aligeuza. Redio ikapasuka kwa sauti ya mtangazaji.

"Zima," Inspekta alisema.

"Afande, wamepata kona…"

"Zima hiyo redio, Koplo, na unipe wembe."

Alikuwa amesimama, wala goti halikukumbukwa. Alichana plastiki ya buluu ya betri ya kinyozi kutoka juu mpaka chini, akaifunua. Kila seli ilikuwa na kichwa na kitako: upande wa kichwa una mfereji mwembamba kuzunguka chuma, kama shingo, na kitako ni bapa. Kwenye betri ya kinyozi, kundi la kwanza lilitazama juu, kundi la pili chini, la tatu juu, la nne chini, hivyo hivyo mpaka mwisho.

"Lete na moja ya zile za uzioni."

Ililetwa. Chini ya buluu ukatokea mpira wa njano, na chini ya njano mpangilio ni ule ule. Juu, chini, juu, chini.

Kisha akavuta lile bonge jeusi. Moto unaweza kula plastiki, karatasi, koti la mvua na heshima ya mtu, lakini mfereji wa shingo kwenye chuma haukuliwa. Alipitisha kidole kwenye safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaendelea mpaka kona ya mwisho. Vichwa vyote vilikuwa vimetazama juu.

"Koplo, ukiweka hivi inakuwaje?"

"Haiwaki, afande."

"Redio yako haiwaki. Hii ingewasha labda taa ndogo ya tochi. Nguvu haziongezeki, zote zinavuta upande mmoja, unabaki na nguvu za seli moja. Baiskeli haiendi hata hatua." Alilisukuma lile bonge mbele ya Koplo. "Mama Chaji hawezi kufanya kosa hili. Kinyozi hawezi. Yeyote aliyewahi kuona ndani ya betri hawezi. Hili limepangwa na mtu anayejua betri kwa nje tu. Ameona tofali la buluu, akatengeneza tofali la buluu."

Koplo alikuna shingo. "Sasa ile yenyewe iko wapi?"

Inspekta alishaanza kutoka. Kwenye chumba cha vielelezo ilining'inizwa ile mifupa ya baiskeli, na tangu siku ya moto hakuna aliyeitazama mara mbili, kwa sababu wote walikodolea macho betri. Aliinama kwenye gurudumu la nyuma. Baiskeli ya umeme hubeba mota katikati ya gurudumu, bonge la chuma na shaba kubwa kama sahani ya chai. Moto wa magodoro hauwezi kulifuta. Hapo katikati hapakuwa na bonge lolote. Palikuwa na kitovu chembamba cha baiskeli ya kawaida kabisa.

Inspekta alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyefungua mlango baada ya kupapasa funguo zote. Alikumbuka mluzi. Alikumbuka mgongo ulionyooka, godoro zima, kilima kizima, na shati kavu.

Mpwa alikuwa bado kwenye benchi, anatikisa mguu, baiskeli yake imeegemea ukuta kando yake.

"Afande, nimechelewa sana. Kuna mteja ananisubiri godoro lake."

"Ni dakika moja tu, baba. Baiskeli ni ya nani hii?"

"Ya kuazima. Yangu si iliungua?"

"Pole. Ile betri yako, uliwahi kuifungua ukaona ndani?"

"Hapana. Mama Chaji alikataza, alisema atakayefungua asirudi dukani kwake. Mimi niliitazama kwa nje tu." Alisema kwa haraka na kwa moyo mweupe, akidhani amejisafisha.

"Umesikia, Koplo?"

"Nimesikia, afande."

"Na hiki kilima ulikipandaje asubuhi?"

Mguu uliacha kutikisika. "Nilikanyaga tu."

"Mimi sikubeba godoro, nilifika nimelowa. Wewe ulikuwa unapiga mluzi." Inspekta aliizunguka baiskeli polepole. "Kwenye mifuko umeweka nini?"

"Pampu. Na mpira wa akiba."

Koplo alifungua vifungo vya turubai, akaiondoa mifuko pande zote. Gurudumu la nyuma likabaki uchi, na katikati yake likawa limekaa bonge la mota, linang'aa. Ndani ya mfuko wa kulia, limefungwa kwa leso safi iliyopigwa pasi, likatoka tofali la buluu. Inspekta alichana kona moja tu kwa ncha ya wembe. Njano ikachungulia.

Mpwa aliinamisha kichwa. Kulia hakulia, ila alianza kuongea kama mtu anayetua mzigo.

"Mjomba alikuwa na magodoro yaliyoliwa na panya, hayauziki. Bima ingelipa kama ni ajali. Akasema acha baiskeli yako humo, mengine yeye anajua. Nikakubali, mjomba ni mjomba, ndiye aliyenilea. Lakini alipotaka na betri…" Alilitazama lile tofali la buluu. "Afande, kabla ya ile betri nilikuwa nafika nyumbani siwezi kumbeba mtoto wangu, mgongo umekufa. Sikuweza kuiacha iungue. Nikaokota seli mbovu kwenye ndoo ya Mama Chaji, nikatengeneza ya kuungua, nikaiacha humo na baiskeli kuukuu isiyo na mota. Nilijua atapata taabu kidogo. Sikujua watampeleka mahakamani."

"Uliiokoa kazi yake ukamtosa mwenyewe."

Inspekta alimwacha mikononi mwa konstebo wa zamu, akamtuma Koplo kwa Mzee Godoro na pingu, akapiga simu ya mwendesha mashtaka. Haikupokelewa. Akapiga ya mahakama. Hivyo hivyo. Saa nane ilikuwa inagonga mlango, gari lilikuwa huko huko mahakamani, na mahakama, kwa busara za waliojenga mji ule, ilikuwa kileleni kabisa mwa kilima.

Alitazama goti lake. Akatazama baiskeli.

Lile bonge jeusi alilitia kwenye mfuko wa kushoto. Ile ya buluu aliirudisha mahali pake, akachomeka waya, akapanda kama alivyokuwa akipanda baiskeli ya baba yake zamani, kwa kuyumba na kwa matumaini. Aligusa kidude cha mkononi. Baiskeli ikamchukua. Si kwa kishindo, ilimchukua tu, kimya kimya, kama mtu anayekushika kiwiko kukusaidia ngazi, na kilima kilichomtesa miaka yote kikaanza kupita chini yake. Pale kwenye kona kali, ambapo kila siku ya kesi alisimama kutafuta kitu mkobani, alijikuta anapiga mluzi. Wauza vitumbua wa barabarani walisimama kumshangaa, afisa wa polisi na sare zake, anapaa mlimani hata kanyagio hakanyagi. Alifurahi, akaacha furaha ionekane.

Kwenye baraza la mahakama karani alikuwa ndiyo kwanza anatamka shauri la Mama Chaji. Mwendesha mashtaka, faili kwapani, aligeuka akamwona Inspekta anaingia uani juu ya baiskeli, akasahau kufunga mdomo.

"Ondoa mashtaka," Inspekta alisema akishuka. "Betri iliyoungua ni ya bandia, haikuwa na uwezo wa kusukuma baiskeli hata hatua. Aliyeitengeneza amekiri, na aliyemtuma anakamatwa sasa hivi. Nitakuonyesha hapo hapo mezani, hata mtoto mwenye redio ataelewa."

"Na betri halisi iko wapi?"

"Ndiyo iliyonipandisha."

Watu wa barazani walicheka, kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata bila hata kujua kesi. Mwendesha mashtaka alichungulia mfuko wa kulia, akaona kona iliyochanwa na ule mpira wa njano, akafunga faili. Aliingia ndani kuzungumza na hakimu. Alipotoka, alimpa askari ishara amfungue mama pingu.

Mama Chaji alikuja taratibu, anajisugua vifundo vya mikono. Alipiga magoti kando ya gurudumu, akagusa ile kona ya koti la mumewe kwa kidole kimoja, na hapo machozi aliyokuwa ameyabana tangu siku ya kwanza yakamtoka yote, mbele ya karani, mbele ya askari, mbele ya kila mtu, wala hakuyafuta.

"Alishindwa kuichoma," Inspekta alimwambia. "Aliambiwa aiache iungue, akashindwa. Ndiyo maana umetoka."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alivuta pumzi, akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akatazama juu, kisha akatazama kivuli cha ukuta kilipoishia.

"Afande," alisema, "sogeza baiskeli. Umeiacha juani."